Mtendaji wa Orrin Fork

Pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika jijini Guangzhou, ukiuliza Didas yuko wapi, watu watakuuliza Didas yupi. Uliza Mtendaji, na hata Mchina anayeuza chaja za simu kwenye kona ya mtaa wa Dengfeng atakunyooshea kidole: yule kule, mwenye shati la mikono mifupi lililopigwa pasi, na kalamu mbili mfukoni. Ya bluu ni ya kuandikia. Nyekundu ni ya kusahihishia walichoandika wengine.

Cheo hicho hakujipa mwenyewe, ingawa hajawahi kukikataa. Kwa miaka kumi na minne Didas alikuwa mtendaji wa kijiji huko Muleba, mkoani Kagera, na ukimsikiliza yeye, hakuna kuku aliyetaga kijijini pale bila ofisi kuwa na taarifa. Alijua nani amezaliwa, nani amehamia, nani hasemi na nani kwa sababu ya mpaka wa migomba. Kisha likaja agizo kwamba kila mtendaji awe na cheti cha kidato cha nne. Didas alikuwa nacho cha darasa la saba. Akakabidhi ofisi, akakabidhi daftari la wakazi, akakabidhi na muhuri, na huo muhuri ndio uliomuuma zaidi. Akaungana na shemeji yake aliyekuwa akipeleka nguo Mwanza kutoka China. Shemeji alichoka baada ya safari mbili, akarudi kwenye kahawa yake. Didas akabaki Guangzhou, na sasa ni mwaka wa tisa.

Kazi yake ni kushonesha. Sare za shule, magauni ya kwaya, jezi za timu za mtaani: ukituma picha na saizi, yeye anavuka mto hadi Kangle, anaingia kwenye vile vichochoro ambavyo cherehani zinalia ghorofa hadi ghorofa na vibajaji vya mizigo vinakupiga majora ya vitambaa mbavuni, na baada ya wiki tatu mzigo wako uko kwa wakala. Ni mwaminifu na hachelewi. Kasoro yake ni moja tu. Mtu akitangulia kumwambia "habari za leo", basi ajue ameitisha kikao. Yeye ndiye katibu wa umoja wa Watanzania pale mjini, na muhtasari wa mkutano uliojadili pilau iliwe wapi sikukuu ya Uhuru ulifika kurasa saba. Aliyeusoma mpaka mwisho ni mmoja, naye ndiye aliyeuandika.

Siku mambo ya Orrin Fork yalipoanza, mwezi wa tano, Didas alikuwa amekaa kwenye mgahawa wa Felisia. Felisia ni mama wa Rombo, ana mgahawa wa meza sita juu ya duka la mabegi, anapika ndizi nyama ambazo Wakongo wanapanda ngazi kuzifuata, na ni mtu pekee Xiaobei anayeweza kumkatiza Mtendaji katikati ya sentensi. Simu ikaingiza ujumbe wa sauti. Alikuwa Abigail, mtoto wa dada yake, aliyeolewa Amerika, jimbo la Ohio. Mumewe ni fundi wa matrekta. Yeye mwenyewe anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee.

"Shikamoo mjomba. Mjomba, kitongoji chetu huku kinatimiza miaka mia mbili mwezi wa nane. Wanataka fulana, kila mkazi na jina lake mgongoni. Nikajikuta nimesema mjomba wangu yuko China anashonesha. Sasa wamenitwisha mimi kamati nzima. Nisaidie mjomba, nisije nikaaibika mbele za watu."

Didas aliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Mtu mwingine angesikia neno fulana. Yeye alisikia neno kitongoji.

"Wana kitongoji," akamwambia Felisia.

"Akina nani?"

"Wamarekani."

"Ulidhani wanalala juu ya miti?" Felisia akamwekea supu. "Kula, inapoa."

Jioni ile Didas alimtumia Abigail maswali thelathini na moja. Rangi ya fulana ilikuwa swali la ishirini na sita. Yaliyotangulia yalihusu mwenyekiti ni nani, alichaguliwa lini, wajumbe ni wangapi, vikao vinafanyika wapi na akidi ni watu wangapi. Abigail alikuwa amelelewa na mjomba huyu likizo zote za shule, kwa hiyo hakushangaa. Alijibu kidogo kidogo, akiwa kwenye gari kwenda kazini, na kwa njia hiyo, kipande kwa kipande, Didas akakijua Orrin Fork.

Ni barabara mbili zinazokutana, na juu ya makutano inaning'inia taa moja ya njano inayowaka na kuzima mchana kutwa, ingawa hakuna anayekumbuka mara ya mwisho magari mawili kufika pale kwa pamoja. Mahindi upande huu, soya upande ule. Kuna ghala la nafaka refu kuliko mnara wa kanisa, na kanisa lenyewe ni la Wamethodisti, ambao kila mwezi wa kumi hupika kuku wa kulisha wilaya. Kuna kituo cha zimamoto cha watu wa kujitolea, na Jumanne ya pili ya kila mwezi gari la zimamoto linatolewa nje ili viti vya mkutano viingie. Wajumbe ni watatu, wa kuchaguliwa. Mwenyekiti ni Bi Lorna Haverkamp, miaka sabini na mmoja, zamani dereva wa basi la shule, na mpaka leo akiongea anapaza sauti kana kwamba kuna watoto wanapigana viti vya nyuma. Makaburi yao yanafyekwa vizuri kuliko uwanja wao wa mpira. Barabarani, unapoingia, kuna kibao cha kijani: Orrin Fork, wakazi 412.

"Na hao wanaolima mahindi, wana ekari ngapi?" Didas akauliza.

"Kuna mmoja ana elfu mbili, mjomba."

Didas akaiweka simu mezani. Kisha akamwambia Felisia, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba, "Mtu mmoja. Elfu mbili. Na bado anakaa kitongojini."

Haikuchukua muda, Felisia akaanza kusikia kitu kwenye mazungumzo ya Mtendaji. Asubuhi moja alipomuuliza kwa nini ana haraka, alijibiwa, "Leo Jumanne ya pili, sisi tuna kikao. Kuna ajenda ya mtaro."

"Nyinyi akina nani?"

Didas akachovya andazi kwenye chai. Ila alijua alichosema, na alijua kwamba Felisia amekisikia, na kwamba kabla ya adhuhuri jengo zima litakuwa limekisikia. Ndivyo ilivyokuwa. Mchana ule Wakenya wa ofisi ya mizigo walimwamkia kwa Kiingereza cha puani na kumuuliza hali ya mahindi.

Orodha ya majina ilikuja wiki ya pili ya mwezi wa sita. Didas aliisoma kama wengine wanavyosoma magazeti. Alijifunza kwamba ukoo wa Haverkamp ni watu thelathini na mmoja na wote ni wakubwa wa mwili. Alijifunza kwamba kuna bibi wa miaka tisini na nne anayetaka fulana ya saizi ndogo kabisa, lakini iwe ndefu ya kufika magotini. Alijifunza kwamba kuna ndugu wawili, Dale na Dwight, nyumba zao zinatazamana, na kila mmoja ameomba fulana za familia yake zifungwe kwenye boksi la peke yake. Ule mtaro wa kwenye kikao ulikuwa wao, na walikuwa wanaugombea. Didas alituma ushauri wa dakika sita juu ya namna ya kusuluhisha mgogoro wa mtaro: pande zote ziende eneo la tukio, ziende na kamba, na asiongee mtu kabla maji hayajapimwa. Ushauri huo haukuombwa na, kwa kadiri inavyojulikana, haukufuatwa.

Kisha akahesabu. Mtu aliyetunza daftari la wakazi miaka kumi na minne hawezi kuona majina akaacha kuyahesabu. Akapata mia nne na kumi na moja. Akarudia kwa kalamu nyekundu. Mia nne na kumi na moja. Akamkalisha Felisia, mteja akiwa anasubiri ugali, wakahesabu pamoja.

"Mia nne kumi na moja," alisema Felisia. "Naomba nikapike."

"Kibao kinasema mia nne na kumi na mbili."

"Basi mmoja amekufa."

"Angekufa ningeambiwa," alisema Didas, na Felisia akacheka mpaka akashika ukuta.

Alipomuuliza Abigail, naye alijibu vilevile, kwa upole zaidi. Kibao ni cha siku nyingi, mjomba. Kiliandikwa baada ya sensa, miaka mingi imepita, watu wanazaliwa, watu wanahama. Orodha iko sawa, amezunguka nyumba kwa nyumba mwenyewe. Chapa tu.

Didas akampa Bi Liang, mwenye karakana kule Kangle, ruhusa ya kuanza, na kazi ikaanza. Lakini roho yake haikutulia. Alikuwa amewahi kuona haya. Kijijini kwake, mwaka mmoja, vyandarua viligawiwa kwa orodha, na bibi mmoja mjane aliyesahaulika kwenye orodha ile alikaa mlangoni kwake akitazama wenzake wanapita na vyandarua kichwani. Didas ndiye aliyekuwa ameandika orodha ile. Alimpa chandarua chake mwenyewe kesho yake, lakini kesho yake si siku ileile.

Kwa hiyo, bila kumwambia Abigail, aliandika barua. Alimwandikia Mwenyekiti wa Kitongoji cha Orrin Fork, Ohio, Marekani. Aliipa kumbukumbu namba. Aliandika YAH: KUPUNGUA KWA MKAZI MMOJA KATIKA ORODHA YA FULANA. Aliandika husika na kichwa cha habari hapo juu. Alieleza kuwa ofisi yake, kwa maana ya meza ya dirishani kwa Felisia, imebaini tofauti kati ya takwimu za kibao na takwimu za orodha, na inashauri uhakiki ufanyike mapema iwezekanavyo ili asije mkazi yeyote akakosa haki yake siku ya sherehe. Nakala kwa Mratibu wa Fulana, Bi Abigail, ingawa nakala hiyo hakuituma.

Tafsiri alimwomba Chebet, binti wa Eldoret anayeshughulika na nyaraka pale ofisi ya mizigo. Chebet aliisoma, akaisoma tena.

"Mzee, hii ni fulana ama ni kesi?"

"Tafsiri kama ilivyo. Usipunguze."

"Hata hii 'wako katika ujenzi wa taifa'?"

Didas akafikiri. "Taifa ni lao. Weka 'ujenzi wa kitongoji.'"

Chebet hakupunguza. Akaituma kwa barua pepe iliyokuwa kwenye tovuti ya kitongoji, tovuti yenye ukurasa mmoja na picha ya gari la zimamoto.

Siku nne baadaye Abigail alipiga simu, na safari hii hakuanza na shikamoo.

"Mjomba, umefanya nini?"

Barua ilikuwa imesomwa mkutanoni. Yote. Bi Lorna Haverkamp aliisoma kwa sauti yake ya basi la shule, na kuanzia kumbukumbu namba hadi nakala kwa, watu walicheka. Abigail alikuwa amekaa kiti cha nyuma akitamani saruji ipasuke. Mzee mmoja alisema kwamba katika miaka mia mbili ya Orrin Fork hakuna aliyewahi kuwaandikia barua ya heshima namna ile, hata gavana. Kisha Bi Lorna akaacha kucheka, akavaa miwani, akasema kwamba bwana huyu ana hoja, leteni hiyo orodha. Wakakaa watu arobaini kwenye kituo cha zimamoto, wakaanza kuita nyumba moja baada ya nyingine.

Kwanza waligundua kwamba Biscuit ni mbwa.

"Mbwa?" alisema Didas.

"Wa nyumbani kwetu, mjomba. Mume wangu alitaka avae. Nilimwandika baada ya mama mkwe."

"Umemwandika mbwa kwenye orodha ya wakazi." Didas aliyatamka maneno hayo polepole, na akakaa chini.

Pili, waligundua kwamba hayumo Virgil Detmer, mzee wa nyumba ya mwisho kwenye barabara ya changarawe. Abigail alikuwa ameambiwa na majirani asijisumbue kugonga kule. Miaka kumi na mmoja iliyopita kitongoji kilinyoosha barabara, kikakata miti minne ya Mzee Virgil, na tangu hapo hajakanyaga kituo cha zimamoto, wala kanisa, wala kwenye kuku wa mwezi wa kumi. Aliyetoa amri ya kukata miti ni Bi Lorna.

"Na wa tatu?" aliuliza Didas. "Ukimtoa mbwa ni mia nne na kumi. Ukimweka huyo mzee ni kumi na moja. Mmoja bado."

 Didas akasikia gari likipita huko alikokuwa Abigail.

"Ni mimi," alisema. "Wakafika nyumba yetu, Bi Lorna akaita mume, akaita mama mkwe, akaita mbwa. Akanitazama. Akasema, na wewe je? Mjomba, nilizunguka nyumba zote zile na karatasi mkononi. Wala haikunijia."

"Haikukujia vipi?"

"Sijui. Niliona kama mimi ndiye ninayewaandikia."

Didas akaivuta orodha karibu. Akasema, "Saizi yako nini?" Abigail akasema M. Akaandika M kwa kalamu ya bluu, akaizungushia duara kwa nyekundu.

Ikumbukwe kwamba hesabu sasa ilifika mia nne na kumi na mbili, sawasawa na kibao. Mtu yeyote mwenye akili timamu angejua kwamba ni bahati tu, kwa kuwa tangu kibao kile kisimikwe wamekufa watu na wamezaliwa watu. Chebet alimweleza hivyo. Felisia alimweleza hivyo. Didas aliwasikiliza kwa subira, kama mtu anavyowasikiliza wasio na mafunzo ya utawala.

Bi Lorna Haverkamp, kwa upande wake, aliichukua barua, akaendesha gari hadi mwisho wa barabara ya changarawe, akagonga. Mzee Virgil alifungua mlango nusu. Inasemekana hawakuamkiana. Alimpa barua, mzee akaisoma amesimama, mara mbili. Akauliza, "Huyu mtu aliyeko China anataka kujua saizi yangu?" Bi Lorna akasema ndiyo. Mzee akasema XL, na iwe na mikono mirefu, yeye mikono mifupi havai. Akafunga mlango. Lakini alibaki na barua.

Sasa ikawa kazi ya Didas. Akapanda metro kwenda Kangle, akakuta Bi Liang amemaliza. Fulana zote zilikuwa zimekunjwa, zimefungwa, na mashine zake zilikuwa zimeshahamia kwenye suruali za mtu wa Lagos.

"Mbili tu," alisema Didas kwa Kichina chake cha sokoni, ambacho kina bei zote na hakina adabu zozote. "Moja M. Moja XL, mikono mirefu."

"Mei banfa," alisema Bi Liang bila kuinua macho. Hakuna namna. Kitambaa kimekwisha, rangi imekwisha, na karakana yake haianzi kazi chini ya vipande mia. Didas akasema ni za ndugu yake. Bi Liang akasema wateja wote wana ndugu. Ndipo Didas, aliyeishiwa na bei, akatoa simu, akamwonyesha picha ya Abigail amesimama kando ya kibao cha kijani, na ya mbwa, kisha kwa Kichina kile kile akajaribu kueleza: huyu ni mtoto wa dada yangu. Ameandika watu wote. Ameandika mbwa. Mwenyewe, hakujiandika.

Bi Liang akatazama mbwa, akamtazama Abigail, akaanza kucheka, akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, na mafundi wake wakainua vichwa. Akawaeleza. Wakacheka wote. Kisha kicheko kikamwishia. Alisema yeye ni mtu wa Hubei, jimbo la mbali. Yuko Guangzhou mwaka wa kumi na tisa, mtoto amemzalia hapa, na kitambulisho chake bado kinasema kijiji cha Hubei. Didas alielewa nusu ya maneno na maana yote.

"Leta kitambaa," alisema Bi Liang. "Nitashona mimi."

Didas alizunguka soko la vitambaa kuanzia asubuhi hadi wanafunga, akiwa na kipande cha kijani cha fulana zile mkononi, akikilinganisha na majora ya watu mia moja. Kila muuzaji alimwapia kwamba rangi ni hiyohiyo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Mwisho alichukua iliyokaribia, kijani kilichokolea kidogo, kama jani la mgomba mkubwa kando ya jani la mgomba mchanga. Alikitazama kwenye mwanga wa nje na kikamkera. Bi Liang akashona zile mbili siku ya pili yake, akachapa majina, na kwenye pindo la ndani la ile ya Abigail, mahali pasipoonekana, akaongeza mshono wa uzi mwekundu, rangi ya baraka kwa Wachina, ambao hakuna aliyemwagiza.

Sherehe iliangukia Jumamosi jioni ya Ohio, yaani Jumapili asubuhi ya Guangzhou. Felisia alimaliza ibada yake mapema, akaandaa chapati na chai ya tangawizi, akaisimamisha simu ya Didas kwenye kopo la maziwa. Didas alikuwa amevaa koti. Joto la mwezi wa nane la Guangzhou linamyeyusha mtu mwenye singlendi, lakini yeye alivaa koti, kwa sababu ilikuwa ni shughuli ya kitongoji.

Abigail alimpa mama mkwe simu ashike, na mama mkwe alishika vizuri ila aliegemea sana upande wa matrekta. Yalipita matrekta ishirini. Ikapita bendi ya shule. Likapita gari la zimamoto, na juu yake akina Haverkamp, kijani kitupu, kama kilima kinachotembea. Didas aliwataja kwa majina kabla migongo haijaonekana. "Yule Dale. Sasa angalia, Dwight yuko nyuma magari manne. Bado hawajapatana." Biscuit akapita amevaa ya kwake, anajaribu kuila.

Kisha wakapita watu wa miguu. Kati yao alikuwamo Abigail, na mara moja Didas akaona lile alilolihofia: kijani chake kilikuwa kimekolea, kilionekana hata kwenye simu. Akafumba macho. Alipofumbua, kando ya Abigail alikuwa anatembea mzee mrefu, mwembamba, mikono mirefu ya fulana imefika hadi kwenye viganja, kijani kilekile kilichokolea. Alikuwa anaongea. Abigail alikuwa anacheka.

"Ndiye huyo?" aliuliza Felisia.

"Detmer," alisema Didas. "XL."

Baadaye Abigail alieleza. Mzee Virgil alikuwa amesimama pembeni, karibu na gari lake, tayari kuondoka. Akamwona mtu mwenye fulana ya rangi kama yake katikati ya watu mia nne wa rangi nyingine, akamfuata, akamwuliza kama naye ni wa barabara ya changarawe. Abigail akamwambia yeye ni wa mbali zaidi. Mzee akasema hakuna palipo mbali kuliko barabara ya changarawe, wakaanza kubishana juu ya hilo, na ubishi ukawafikisha mwisho wa maandamano. Na Bi Lorna alipompelekea sahani ya kuku, mzee aliipokea. Hakusema asante, lakini aliipokea.

Felisia alikuwa anafuta macho kwa kona ya kitenge na kusingizia vitunguu, ambavyo asubuhi ile hakukata hata kimoja. Ndipo picha kwenye simu ikayumba, ikatokea sura ya mwanamke mwenye mvi na miwani, karibu mno, na sauti ikaujaza mgahawa mzima.

Didas alisimama. Akafunga kifungo cha koti. "Shikamoo, Mwenyekiti," alisema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza chote kilikuwa kimemkimbia. Abigail akatafsiri kutoka pembeni. Bi Lorna akauliza jibu lake ni nini, akafundishwa, akalipaza: marahaba. Watu waliokuwa wanapanda ngazi kwa Felisia walisimama kusikiliza.

"Mjomba," alisema Abigail, "Mwenyekiti anasema wewe unatujua sisi wote, mpaka saizi zetu. Anataka kujua na huko kwenu kukoje. Mnaishi wangapi, na ni watu gani."

Didas akafungua mdomo aanze na Muleba. Akageuka kidogo, akatazama dirishani. Chini, Dengfeng ilikuwa inafungua maduka. Chebet alikuwa anavuka barabara na mkate. Mama wa Xinjiang alikuwa anapepea jiko la mishikaki. Mkongo wa duka la nywele alikuwa anamwita jirani yake Mchina kwa Kilingala, na Mchina alikuwa anamjibu.

"Mwambie Mwenyekiti aketi," alisema Didas. "Nitaanzia upande wa kushoto. Nyumba ya kwanza ni ya mama mmoja anaitwa Felisia, mwenyeji wa Rombo, mjane, hapendi kukatizwa lakini yeye anakatiza watu. Nyumba ya pili..."

"Chapati zinapoa," alisema Felisia, akavuta kiti, akakaa karibu na simu kusikia yeye ameelezwaje.

Kule Ohio jua lilikuwa linazama, na watu walikuwa wanasogeza viti vyao karibu na mama mkwe. Didas alikuwa amefika duka la nne, la muuza chaja, na ugomvi wake na mwenye nyumba, chaji ya simu pale kwenye kopo ilipokwisha. Hakutambua mara moja. Aliendelea hadi duka la sita.